Saumur, Mji wa Farasi na Mkono Mwepesi

Katika nchi ya Ufaransa, kiasi cha kilomita 300 kutoka jiji la Paris kuelekea kusini-magharibi, uko mji mdogo uitwao Saumur. Mji huu umejengwa kando ya Loire, mto ulio mrefu kuliko mito yote ya nchi hiyo. Mgeni aingiaye kwa daraja huona kwanza ngome ya kale yenye minara minne, iliyosimama juu ya kilima, na chini yake nyumba za mawe meupe yaliyo laini na kuchongeka kwa urahisi. Mawe hayo yalichimbwa katika vilima vya hapo hapo, na mapango yaliyoachwa na wachimbaji hutumiwa siku hizi kuhifadhia mvinyo na kuoteshea uyoga. Wapenda mavazi huukumbuka mji huu kwa kuwa ndipo alipozaliwa, mwaka 1883, Gabrielle Chanel, bibi ambaye baadaye alikuwa mashuhuri duniani kwa ushonaji na manukato.

Hata hivyo, kwa askari na kwa wafuga wanyama jina la Saumur lina maana moja tu, nayo ni farasi.

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati farasi ni mgeni. Mbung'o hawakumruhusu kuishi, na katika vita vya mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Afrika Kusini yalipoteza maelfu ya farasi kwa maradhi yaletwayo na wadudu hao walipokuwa wakiwafuata Wajerumani katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Kwa hiyo msomaji aweza kuuliza: mafunzo ya mnyama huyu yamhusu nini mtu ambaye hamiliki hata punda?

Yamhusu kwa sababu moja. Farasi mzima huwa na uzito wa kilo 500 hivi, na mtu anayempanda hafikii hata robo ya uzito huo. Mnyama akikataa kabisa, hapana mtu awezaye kumshinda kwa misuli. Wakufunzi wa Saumur wamekuwa wakilijibu kwa karibu miaka 200 swali linalomkabili kila mwenye kuamrisha, awe ofisa kambini au mzazi nyumbani: mwenye nguvu kidogo atamtiisha vipi mwenye nguvu nyingi, na kumfanya atii hata siku ya hatari?

SHULE ILIYOZALIWA NA VITA

Askari wapanda farasi waliletwa Saumur mwaka 1763, baada ya Ufaransa kushindwa katika Vita vya Miaka Saba. Wakati huo ilionekana wazi kwamba wapanda farasi wa nchi hiyo walikuwa hodari wa moyo lakini hawakufundishwa ipasavyo. Likaja balaa kubwa zaidi. Vita vya Napoleon, hasa safari ya Urusi ya mwaka 1812, viliangamiza farasi kwa makumi ya maelfu pamoja na wapandaji wao wazoefu. Amani iliporudi palikuwa na makuruta, na walikuwapo farasi wachanga, lakini waliojua kuwafundisha walikuwa wachache mno.

Serikali ya kifalme ikaweka shule Saumur. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1822 kwa sababu ya njama za kisiasa, ikafunguliwa tena mwaka 1825. Ili kupata walimu, jeshi lilikubali jambo ambalo majeshi hayalikubali kwa wepesi: liliwaita raia. Hao walikuwa mabwana wa farasi waliolelewa katika mazizi ya wafalme, hasa yale ya Versailles. Wakavaa sare nyeusi ili watofautiane na wakufunzi wa kijeshi waliovaa buluu, na kutokana na sare hiyo wakaja kuitwa Cadre Noir, yaani kundi la wakufunzi weusi wa mavazi. Mwaka 1828 walifanya maonyesho yao makubwa ya kwanza mbele ya watu. Miaka miwili baadaye shule ya Versailles ilifungwa moja kwa moja, na Saumur ikabaki kuwa mlinzi wa elimu ile.

KUTOKA KUADHIBU HADI KUFUNDISHA

Elimu yenyewe ilikuwa ya kale kuliko shule. Katika karne ya 16 mabwana wa farasi wa Ulaya walisomea Napoli, katika Italia. Mwalimu mashuhuri wa huko, Federico Grisone, alitoa kitabu mwaka 1550 ambacho ndani yake mna mashauri mengi ya busara, lakini pia mna adhabu za kutisha kwa mnyama mkaidi, hata za moto.

Mfaransa Antoine de Pluvinel alisomea Napoli, lakini aliporudi kwao aligeuza mambo. Yeye alishika kwamba farasi ana akili, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuifikia akili hiyo kabla ya kugusa mwili. Alisisitiza upole na sifa, na adhabu akaiweka nyuma kabisa. Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa Mfalme Louis wa 13, aliyeanza kufundishwa naye angali mtoto.

Baada ya karne moja akatokea François Robichon de La Guérinière, aliyeongoza shule ya farasi ya Tuileries mjini Paris tangu mwaka 1730. Huyu ndiye aliyeleta zoezi ambalo mpaka leo ni kama alfabeti ya kazi hii. Farasi huenda kandokando ya ukuta, lakini mabega yake huletwa ndani kidogo na mwili wake hupindwa mfano wa upinde. Akienda hivyo hana budi kuupitisha mguu wake wa nyuma, ule wa upande wa ndani, chini ya tumbo na mbele ya mwenzake. Nyonga hulainika, bega hupata uhuru, na mnyama huizoea kazi bila kutambua kwamba amelazimishwa.

FARASI ANAVYOFUNDISHWA

Ili kuifahamu kazi ya Saumur yafaa kujua kwanza umbo la farasi. Mnyama huyu akisimama peke yake hubeba zaidi ya nusu ya uzito wake juu ya miguu ya mbele, kwa sababu ya kichwa na shingo yake ndefu. Mtu akimpanda, hukaa karibu na mabega na kuiongezea mzigo miguu ile ile. Farasi asiyefundishwa basi huwa kama mkokoteni uliopakiwa vibaya: huelemea mbele, huvuta hatamu, hugeuka kwa shida, na miguu yake huharibika mapema. Mafunzo yote yana shabaha ya kumwezesha kurudisha sehemu ya uzito nyuma, akikunja magoti ya nyuma na kuinua mgongo, ili awe mwepesi mbele.

Kazi huanza farasi akiwa na umri wa miaka mitatu au minne. Hapo kwanza hazungumzwi mambo ya kumpanda. Mwalimu husimama katikati na kamba ndefu, na farasi humzunguka, akijifunza sauti ya mtu, kwenda, na kusimama. Halafu huzoezwa tandiko, kisha lijamu, yaani chuma cha kinywani, na mwisho uzito wa mtu. Mwaka wa kwanza hupita katika mambo madogo: kwenda mbele kwa moyo, kunyooka, kugeuka pande zote mbili. Samaki mkunje angali mbichi, lakini hapa mkunjaji hufanya kazi yake polepole mno, kwa kuwa mifupa na mishipa ya mnyama mchanga haijakomaa.

Mpanda farasi ana viungo vitatu vya kuzungumzia: miguu yake inayogusa mbavu, mkono ulioshika hatamu, na kiti chake, yaani uzito wa mwili wake juu ya tandiko. Mguu husema nenda. Mkono husema ngoja. Makosa ya wanaoanza ni kusema yote mawili kwa pamoja, na mnyama hubaki hajui atii lipi. Kanuni ya Kifaransa ni kusema jambo moja, kulisema kwa sauti ndogo, na kunyamaza mara mnyama anapotii. Huko kunyamaza ndiko kunakomtofautisha bwana na mwanafunzi. Farasi akiisha kushika mwendo, mkono hushuka na mguu hulegea, na mnyama huachiwa aendelee mwenyewe. Akiendelea bila kuharibu mwendo wala kichwa kutoka mahali pake, imehakikishwa kwamba amefahamu. Wafaransa huiita hali hiyo wepesi, na kwao ndiyo kipimo cha kazi yote.

Alama yake huonekana kinywani. Farasi aliyetulia huichezea lijamu taratibu kwa ulimi, kama mtu aonjaye chakula. Farasi anayeogopa au anayeumia hukaza taya, na taya likikazwa, shingo, mgongo na miguu hukazwa pia.

Baada ya miaka mingi ya kazi hiyo huja mambo ambayo watazamaji huyapigia makofi. Kuna piafe, ambapo farasi huenda mwendo wa matiti, yaani mbio ndogo za kudunda, lakini bila kuondoka mahali alipo. Kuna pasaji, mwendo ule ule ukiwa wa polepole na wa kujiinua, hata mnyama huonekana kama hagusi ardhi sawasawa. Kisha kuna miruko ya shule, ambayo farasi wake huchaguliwa mbalimbali. Katika kurubeti farasi huinua sehemu yake ya mbele na kukunja miguu. Katika krupadi hukita miguu ya mbele na kurusha ya nyuma juu kwa nguvu. Katika kabrioli huruka na kupiga teke hewani. Farasi hawa husukwa mikia, na wapandaji wao hukaa juu ya tandiko la kizamani lisilo na vikuku vya kuwekea miguu. Anayeshindwa kukaa hana cha kukanyagia, na huanguka mbele ya watu wote.

UGOMVI WA MABWANA WAWILI

Si kwamba Wafaransa walikubaliana daima. Katika karne ya 19 nchi nzima iligawanyika kati ya watu wawili. Mmoja alikuwa Comte d'Aure, mtu wa ukoo bora, aliyelelewa Versailles. Alitaka farasi wa kwenda mbele kwa ujasiri, afaaye kwa vita na mawindo. Wa pili alikuwa François Baucher, aliyezaliwa mwaka 1796, ambaye aliuonyesha ustadi wake katika sarakasi. Baucher alidai kwamba ukaidi wote wa farasi hutokana na kukazana kwa mwili, na kwamba taya na shingo zikilainishwa kwanza, mengine hufuata. Mwaka 1842 jeshi liliijaribu njia yake, lakini baada ya miaka michache likaiacha. D'Aure ndiye aliyefanywa mkuu wa wapanda farasi wa Saumur mwaka 1847.

Mwaka 1855 taa kubwa ya dari iliyokuwa katika jengo la sarakasi mjini Paris ilimwangukia Baucher na kumvunja mguu. Hakuonekana tena mbele ya watu akiwa juu ya farasi. Lakini aliendelea na kazi kwa siri, na kwa kuwa miguu yake haikuwa tena na nguvu za zamani, alilazimika kutafuta njia ya kumwomba farasi kidogo zaidi na kumwacha huru zaidi. Wengi husema kwamba elimu yake bora kabisa ilitokana na udhaifu huo.

Aliyewapatanisha mabwana hawa ni ofisa mmoja, Alexis L'Hotte, ambaye baadaye alifikia cheo cha jenerali. Alijifunza kwa wote wawili na kuwaheshimu wote wawili. Alipokuwa mkuu wa wapanda farasi wa Saumur, kuanzia mwaka 1864 hadi 1870, aliwafundisha askari mwendo wa mbele na wa nje, kwa kuwa askari wa kawaida hana miaka kumi ya kumfundisha farasi mmoja. Ufundi wa juu aliuendeleza juu ya farasi wake mwenyewe. Mafundisho yake huelezwa kwa mambo matatu, ambayo ni lazima yafuatane hivyo: kwanza utulivu, pili kwenda mbele, tatu kunyooka. Mnyama asiyetulia hafundishiki, na kumnyoosha asiyetaka kwenda ni kazi bure.

L'Hotte ndiye aliyesimulia kwamba Baucher, mwaka 1873, akiwa kitandani karibu ya kufa, aliushika mkono wake kama ushikavyo hatamu. Kwanza aliuweka imara, umetulia mahali pake, akamwambia kwamba hivyo ndivyo inavyopasa siku zote. Kisha akauvuta kuelekea kifuani, akamwonya kwamba hivyo kamwe asifanye. Miaka 50 ya ugomvi, vitabu na majaribio ilimalizikia hapo: mkono uweza kukataa, lakini usivute.

SIKU ZA JUNI 1940

Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba farasi hawezi kukabili bunduki za rashasha na seng'enge. Hata hivyo Saumur iliendelea kulea maofisa, wa farasi na wa magari ya vita. Mwezi Juni mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliufikia mto Loire. Tarehe 17 Marshal Pétain alikwisha kulitangazia taifa kwamba mapigano yapasa kukoma. Mkuu wa shule, Kanali Michon, aliamua kwamba madaraja ya Saumur yatalindwa.

Waliokuwa chini yake walikuwa mia kadhaa ya vijana wanafunzi wa uofisa, pamoja na vikosi vingine vilivyokusanywa hapa na pale. Silaha zao nyingi zilikuwa za kufundishia. Walipewa mstari wa kiasi cha kilomita 40 kando ya mto, wakaushika kuanzia tarehe 18 hadi 20. Waliowashambulia walikuwa divisheni ya farasi ya Wajerumani. Vijana wengi walianguka. Adui mwenyewe aliuheshimu ushujaa wao, na wengi waliotekwa waliachiwa waende zao badala ya kupelekwa katika kambi za mateka. Mpaka leo Wafaransa huwataja vijana hao kwa heshima, na majina ya walioanguka huhifadhiwa katika mji huo.

FARASI HAJUI CHEO

Baada ya vita jeshi lilikwenda na vifaru. Shule ya kijeshi ya Saumur ingali ipo, na hufundisha maofisa wa magari ya deraya. Tangu mwaka 1977 liko pia jumba la makumbusho lenye mamia ya vifaru vya mataifa mengi. Wapanda farasi wenye sare nyeusi je, walikuwa na kazi gani tena?

Sehemu ya jibu ilitoka katika michezo. Mwaka 1932, katika Olimpiki ya Los Angeles, Xavier Lesage, ofisa wa Saumur, alitwaa dhahabu ya mashindano ya mafunzo ya farasi. Siku hizo mashindano hayo yalikuwa ya maofisa tu. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 1948 Wasweden walishinda, lakini baadaye iligunduliwa kwamba mmoja wao alikuwa sajini aliyepandishwa cheo kwa ajili ya michezo tu na kurudishwa chini mara baada yake. Wakanyang'anywa ushindi, na dhahabu ikapewa Ufaransa, waliokuwa wa pili. Farasi wa sajini yule alikuwa amefanya kazi yake vizuri bila kutazama begani. Watu wengi waliona haya, na ilipofika mwaka 1952 mlango ulifunguliwa kwa watu wa vyeo vyote, raia na wanawake. Mwaka huo huo Lis Hartel, mwanamke wa Denmark ambaye miguu yake ilikuwa imedhoofishwa na ugonjwa wa polio, alitwaa medali ya fedha. Ilidhihirika tena kwamba kazi hii haihitaji nguvu.

Mwaka 1972 Ufaransa ilianzisha Shule ya Taifa ya Upandaji Farasi, na Cadre Noir ikawa kiini chake, mbali na wizara ya ulinzi. Mwaka 1984 wanawake wa kwanza walivaa sare nyeusi. Siku hizi kundi hilo lina raia na askari pamoja, nalo hukaa Terrefort, nje kidogo ya mji. Mkuu wao bado huitwa kwa jina la utani la tangu zamani, yaani Mungu Mkuu, jina ambalo hutajwa nusu kwa heshima na nusu kwa kicheko.

SAUMUR YA LEO

Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliutia upandaji farasi wa mapokeo ya Kifaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kilichosifiwa ni uelewano wa mtu na mnyama pasipo kutumia nguvu wala mkazo.

Heshima hiyo ilikuja wakati ambapo kanuni yenyewe ilikuwa hatarini. Katika mashindano ya kimataifa, ambako fedha na sifa ni nyingi, wapandaji wengine walikuwa wakivuta kichwa cha farasi hata kidevu kikagusa kifua, ili wapate mwendo wa kuvutia upesi. Mwaka 2010 chama cha kimataifa cha michezo ya farasi kililaani kukunja shingo ya mnyama kwa nguvu namna hiyo. Mabishano hayajesha. Anayevuta hupata onyesho la haraka. Anayengoja hupata farasi mwenye miguu mizima na moyo wa kufanya kazi miaka mingi. Si kila mwamuzi huweza kuzitambua tofauti hizo kwa dakika chache za mashindano, na si kila mwenye mali yuko tayari kungoja.

Mjini Paris, kikosi cha farasi cha Garde républicaine, kilicho sehemu ya polisi wa gendarmerie, hupita barabarani katikati ya magari, ngoma na makelele ya watu. Anayekitazama huona tu kwamba farasi hawashtuki. Haoni miaka iliyotumika katika ukumbi wenye mchanga, mtu mmoja na mnyama mmoja, wakirudia jambo dogo lile lile kila asubuhi. Askari anayefahamu kwata ataifahamu kazi hiyo mara moja, na mama aliyemfundisha mtoto kutembea hatahitaji kuelezwa.